Pambo na Kiasi: Haki ya Mwili katika Islam

Katika Kurani Tukufu, sura ya Al-Aaraf, aya ya 32, Mwenyezi Mungu anawaita wanadamu wote kwa jina la baba yao Adamu, wala hawaiti Waislamu peke yao. Katika aya hiyo moja anawaagiza mambo matatu: kwamba wajipambe kila wanapokwenda mahali pa ibada, kwamba wale na wanywe, na kwamba wasivuke mpaka katika kula na kunywa, kwa kuwa wavukao mpaka hawapendwi Naye. Na katika aya inayofuata anawakemea wale wanaoliharamisha pambo na vyakula vizuri alivyowaumbia waja Wake. (Katika Jumuiya yetu Bismillahi huhesabiwa kuwa aya ya kwanza ya sura. Basi msomaji ambaye msahafu wake hauihesabu, atazame aya moja nyuma, hapa na kila tutakapotaja aya.)

Ndugu msomaji, huenda umeisoma aya hii mara nyingi bila kujiuliza: kwa nini pambo na chakula vimefungwa katika fundo moja? Watu wa siku hizi huvitenga. Pambo hulitafuta dukani, katika vichupa na vikopo. Chakula hukitafuta kwa kuuridhisha ulimi tu. Kisha tumbo likitokeza na uso ukiharibika, hurudi tena dukani kutafuta dawa. Lakini Kurani Tukufu inaviweka viwili hivi pamoja. Anayetaka kusimama mbele ya Mola wake akiwa na sura njema, yampasa aanzie kwenye sahani yake.

Swali la Mtafutaji wa Haki

Mtu anayeichunguza dini ya Islam, hasa aliyelelewa katika Ukristo, mara nyingi huuliza dini ina shughuli gani na chakula chake. Hutaja Mathayo 15:11, ambapo Yesu a.s. alifundisha kuwa unajisi wa mtu hutokana na yale yatokayo kinywani mwake, si yale yaingiayo. Hutaja pia waraka wa kwanza kwa Timotheo 4:8, ambapo mazoezi ya mwili yanahesabiwa kuwa na faida kidogo tu.

Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu la upole. Mwenye kuisoma sura hiyo ya Mathayo tangu mwanzo ataona kwamba Yesu a.s. alikuwa akiwajibu Mafarisayo waliowalaumu wanafunzi wake kwa kula bila kunawa kwa desturi ya wazee. Alikuwa akiwaonya juu ya usafi wa nje usio na usafi wa moyo. Wala hakuwapa watu ruhusa ya ulafi. Angewezaje, na hali Mithali 23:20-21 inaonya wazi dhidi ya kuandamana na walevi na walafi? Na Paulo mwenyewe, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho 6:19, anaufananisha mwili na hekalu. Je, kuna mtu alijazaye hekalu takataka kisha akadai kwamba anamheshimu mwenye hekalu?

Mwumini wa Biblia pia anamjua Danieli. Katika sura ya kwanza ya kitabu chake tunasimuliwa kwamba yeye na wenzake watatu walikataa chakula na divai ya mfalme wa Babeli, wakaomba wajaribiwe kwa siku 10 kwa vyakula vya mimea na maji. Siku hizo zilipotimia, nyuso zao zilionekana nzuri na miili yao imejaa afya kuliko vijana wote waliokula vyakula vya mfalme. Basi fundisho kwamba uso huonyesha kile ambacho mkono umekipeleka kinywani si geni kwa watu wa Kitabu. Islam imelikuta, imelithibitisha, na imelieleza sababu yake.

Hotuba ya Lahore, 1896

Sababu hiyo ilielezwa kwa ukamilifu katika zama zetu na Mwanzilishi wa Jumuiya yetu, Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, Masihi Aliyeahidiwa a.s. Mnamo Desemba 1896 ulifanyika mjini Lahore mkutano mkubwa wa dini mbalimbali, na kila msemaji alitakiwa aeleze mafundisho ya dini yake juu ya maswali yaliyowekwa. Hotuba ya Masihi Aliyeahidiwa a.s. ilisomwa kwa niaba yake na Maulvi Abdul Karim wa Sialkot r.a. Swali la kwanza lilihusu hali za mwanadamu: za mwili, za tabia na za roho.

Wengi wangetazamia kwamba mtu wa Mungu ataanzia mbinguni. Yeye alianzia kwenye mwili. Alieleza kwamba roho na mwili vina uhusiano usiokatika, na kila kimoja humwathiri mwenziwe. Mtu akijilazimisha kulia, baada ya kitambo moyo wake nao huhuzunika. Akijilazimisha kucheka, moyo nao huchangamka. Ndiyo maana Sala ina kusimama, kuinama na kusujudu, kwa kuwa unyenyekevu wa viungo huleta unyenyekevu wa roho. Vivyo hivyo kwa chakula: alionyesha kwamba wasiokula nyama kabisa hupungukiwa ushujaa pole pole, na wenye kula nyama kupita kiasi hupungukiwa upole na unyenyekevu. Njia iliyonyooka ni ya katikati, nayo ndiyo aya tuliyoanza nayo.

Katika hotuba hiyohiyo alieleza ngazi tatu za nafsi zinazotajwa na Kurani Tukufu. Ya kwanza ni nafsi iamrishayo maovu, imfuatayo mtu wa tamaa kama mnyama afuatavyo harufu ya majani. Ya pili ni nafsi ijilaumuyo, iliyoamka na kuanza kushindana na tamaa. Ya tatu ni nafsi iliyotulia kwa Mola wake. Sasa tafakari, ndugu msomaji. Ni wapi mwanadamu anaposhindana na tamaa mara nyingi zaidi kuliko mezani? Mtu aweza kukaa mwaka mzima asijaribiwe kuiba fedha nyingi, lakini kila siku, mara tatu au nne, tamaa humjia katika sahani. Asiyeweza kuuambia mkono wake "sasa basi" mbele ya andazi, atauambiaje "sasa basi" mbele ya mali ya yatima?

Halali Peke Yake Haitoshi

Muislamu mpya hujifunza upesi kilicho haramu: nyamafu, damu, nyama ya nguruwe, kilichochinjwa kwa jina la asiyekuwa Mwenyezi Mungu, na kileo. Hufurahi kwamba mengine yote ni halali, kisha husimama hapo. Lakini katika sura ya Al-Baqara, aya ya 169, Mwenyezi Mungu ameweka masharti mawili pamoja: chakula kiwe halali, tena kiwe *tayyib*, yaani kizuri, safi, chenye kufaa.

Halali ni sheria ya wote, lakini *tayyib* hutazama pia hali ya mlaji. Sukari ni halali. Lakini kwa mgonjwa wa kisukari, vijiko vitatu katika kila kikombe cha chai si chakula kizuri. Chumvi ni halali. Lakini mwenye shinikizo la damu anayeinyunyiza juu ya chakula kilichokwisha kutiwa chumvi jikoni hajila kilicho *tayyib* kwake. Na katika sura ya Al-Muminun, aya ya 52, Mitume wote wanaagizwa wale vitu vizuri na watende mema. Tazama mpango wa maneno hayo: chakula kizuri kimetangulia, vitendo vyema vimefuata. Mwili uliolemewa huzaa ibada iliyolemewa. Anayelala baada ya chakula cha usiku akiwa amejaza tumbo hadi kooni, hataamka kwa Tahajudi. Na akiamka, mwili wake utakuwa kwenye mswala na moyo wake kitandani.

Theluthi Tatu za Tumbo

Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alitupa kipimo ambacho hakihitaji mizani wala vitabu. Katika hadithi iliyopokelewa na Tirmidhi alifundisha kwamba hakuna chombo kibaya anachokijaza mwanadamu kuliko tumbo lake. Kwamba matonge machache ya kuuweka mgongo wima yanamtosha. Na kama hana budi kuzidisha, basi theluthi moja iwe ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi aiachie pumzi.

Nani katika wanadamu aliyekuwa na haki zaidi ya kula vizuri kuliko yeye, ambaye Bara Arabu nzima ilimtii? Lakini Bibi Aisha r.a. alisimulia kwamba miandamo ya miezi ilipita bila moto kuwashwa katika nyumba zao, na chakula chao kilikuwa tende na maji.

Waganga wa leo, baada ya uchunguzi wa miaka mingi, wanatoa shauri lenye mwelekeo huohuo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo ndani ya vyakula vya dukani. Linashauri sukari iliyoongezwa katika vyakula na vinywaji isifikie sehemu moja katika kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku. Kwa watu wengi hiyo ni gramu 50 hivi. Sasa pima: chupa ya soda ya mililita 300 kwa kawaida ina gramu 30 na zaidi. Chupa mbili tu zimekwisha kuuvuka mpaka, kabla ya chai na maandazi. Na linashauri tule angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Mchicha, kisamvu, matembele, bamia, papai, embe, chungwa na pera, Mwenyezi Mungu ameviotesha karibu na milango yetu, navyo huuzwa kwa bei nafuu kuliko soda na chipsi. Ni ajabu iliyoje kwamba tunavipita vya bei rahisi vinavyojenga, ili tununue vya bei ghali vinavyobomoa!

Mchuzi Mmoja

Pengine msomaji atasema kwamba maneno haya ni mazuri lakini hayatendeki. Basi na ajue kwamba yametendwa, si na mtu mmoja bali na Jumuiya nzima. Mwaka 1934, maadui walipojitahidi kuizima Jumuiya yetu huko Punjab, Khalifa wa Pili, Hadhrat Mirza Bashiruddin Mahmud Ahmad r.a., alianzisha mpango uitwao Tahrik-i-Jadid. Miongoni mwa mambo aliyowataka Waahmadiyya ni kuishi maisha ya kawaida, na katika chakula, watosheke na aina moja tu ya kitoweo kwa mlo mmoja. Tajiri aliyezoea mezani pake nyama, samaki, dengu na vitamutamu kwa pamoja, akaacha; akala mchuzi mmoja kama jirani yake maskini. Kilichobaki mfukoni kilitolewa ili Islam ihubiriwe katika nchi za nje.

Lizingatie jambo hili, ndugu msomaji. Watu wale hawakuacha vitoweo kwa ajili ya umbo. Waliacha kwa ajili ya dini. Lakini je, mwili haukupata fungu lake? Mtu anayekula chakula cha aina moja hushiba upesi, kwa sababu ulimi uliochoka na ladha moja huridhika. Bali akiwekewa aina tano, hula tena baada ya kushiba, kwa kuionja kila moja. Hivyo ndivyo sheria za Mwenyezi Mungu zilivyo: anayeacha kitu kwa ajili Yake, hupata pia faida za dunia ambazo hakuzikusudia.

Futari Inayobatilisha Faida ya Saumu

Na hapa yatupasa tujihesabu wenyewe bila kuoneana haya. Saumu imefaradhiwa, kama isemavyo sura ya Al-Baqara aya ya 184, ili tupate uchamungu. Mtume s.a.w. alifuturu kwa tende mbichi chache. Akikosa, kwa tende kavu. Akikosa, kwa mafunda ya maji. Lakini katika miji yetu ya pwani na ya bara, mwezi wa Ramadhani umekuwa mwezi wa tambi, kaimati, sambusa, mihogo na viazi vya nazi, maharage ya nazi, uji mzito na sharubati, vyote juu ya jamvi moja. Na baada ya Tarawehe huja chakula cha usiku. Na daku hufuata. Kisha Idi ikifika, nguo ya mwaka jana haiingii mwilini!

Mtu aliyefunga mwezi mzima akatoka amenenepa, ameacha nini? Amehamisha tu saa ya kula kutoka mchana hadi usiku. Saumu ilikuja kuifundisha nafsi kungoja, naye ameifundisha kulipiza kisasi. Mwenye kutaka baraka ya saumu na afuturu kwa tende na maji, asali Magharibi, kisha ale chakula kimoja cha kiasi pamoja na mboga. Na baada ya Ramadhani asiiache shule hiyo: Mtume s.a.w. alikuwa akifunga Jumatatu na Alhamisi.

Uzuri wa Ngozi

Sasa turudi kwenye pambo. Islam haimkatazi mtu kupenda uso safi na ngozi nzuri. Muislamu huosha uso, mikono na miguu mara nyingi kila siku kwa ajili ya Sala, Mtume s.a.w. alipenda manukato na mswaki, na alihimiza nywele zitunzwe. Kosa haliko katika kupenda uzuri. Kosa ni kuutafuta mahali ambapo haupo.

Ngozi ni kiungo cha mwili, nayo hulishwa na damu ileile inayolisha moyo na ini. Asili ya kuzaliwa, umri na jua vina sehemu yake, lakini na sahani ina sehemu yake. Waganga wameeleza kwamba vyakula vitamu na vya unga mweupe, vinavyoingia upesi katika damu, hupandisha insulini, na insulini ikizidi huchochea ngozi kutoa mafuta mengi; kwa baadhi ya watu chunusi huongezeka kwa njia hiyo. Tumbaku huikunja ngozi na kuizeesha kabla ya wakati, na Masihi Aliyeahidiwa a.s. aliichukia. Kukosa usingizi huonekana chini ya macho kabla hakujaonekana mahali pengine.

Iko alama moja ambayo ningependa kila msomaji aijue. Baadhi ya watu walionenepa hupata weusi mzito shingoni na kwapani, ngozi ikawa kama mahameli. Hudhani ni uchafu, wakasugua mpaka wakajichubua. Au huaibika, wakapaka dawa za kung'arisha. Kumbe mara nyingi weusi huo ni ishara kwamba mwili umeanza kushindwa kuitumia insulini yake, na kwamba kisukari kiko njiani. Huo ni ujumbe wa rehema, ulioandikwa juu ya ngozi ili mwenyewe ausome mapema. Anayeufuta kwa dawa ya kupaka ni kama mtu aliyeamshwa na jirani kwamba nyumba yake inaungua, naye akaufunga mlango ili asisikie kelele. Na aende hospitali akapimwe sukari; kisha apunguze sukari na unga mweupe, apunguze uzito pole pole. Mara nyingi weusi huo nao hupungua.

Ama michanganyiko iitwayo mkorogo, na sabuni na mafuta yenye zebaki, huo ni uadui wa mtu dhidi ya nafsi yake. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba zebaki katika vipodozi hivyo huharibu figo. Na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeweka shabaha ya kuviondoa madukani. Mwenyezi Mungu ameapa katika sura ya At-Tin kwamba amemwumba mwanadamu katika umbo lililo bora kabisa, na katika sura ya Ar-Rum, aya ya 23, amezihesabu rangi zetu mbalimbali kuwa katika ishara Zake. Mweusi anayeichubua rangi yake anaifuta ishara ya Mungu kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa fedha zake mwenyewe!

Nguvu na Mwendo

Kiasi katika kula ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni mwendo. Wana wa Israeli walipoomba mfalme, Mwenyezi Mungu aliwachagulia Taluti. Walipinga kwa kuwa hakuwa na mali. Wakajibiwa, kama tusomavyo katika Al-Baqara aya ya 248, kwamba amezidishiwa elimu na mwili. Na binti wa Madiani alipomshauri baba yake amwajiri Musa a.s., alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu (Al-Qasas, 27). Mtume s.a.w. naye alifundisha, katika hadithi ya Muslim, kwamba mwumini mwenye nguvu ni bora mbele ya Mungu kuliko mwumini dhaifu, ijapokuwa wote wawili wana heri.

Masihi Aliyeahidiwa a.s., aliyeandika vitabu zaidi ya themanini, hakuwa mtu wa kukaa tu. Ilikuwa desturi yake kutoka asubuhi kutembea nje ya Qadian pamoja na masahaba zake, na mengi katika mafunzo yake yaliyohifadhiwa aliyasema njiani akitembea. Na Khalifa wa Pili r.a. alipounda mwaka 1938 chama cha vijana, Majlis Khuddamul Ahmadiyya, afya ya mwili na michezo viliingizwa katika kazi za chama hicho pamoja na Sala na kuwatumikia watu.

Waganga wanashauri mtu mzima afanye mwendo wa kutosha kumharakisha pumzi kwa dakika 150 kila juma, sawa na nusu saa kwa siku tano. Nusu saa hiyo iko wapi? Iko katika njia ya msikitini, ambayo kila hatua yake ina thawabu. Iko katika kushuka katika daladala au matatu kituo kimoja kabla, katika jembe, katika baiskeli, katika kupanda ngazi. Dada zetu pia wana fungu lao. Wanaweza kutembea pamoja asubuhi, wakiihifadhi heshima ya vazi lao. Sala tano si mazoezi, ni ibada. Wala mtu asidhani kuwa zinamtosha badala ya mwendo. Ila mwenye kuzisali kwa wakati hajui maisha ya kukaa kitini tangu asubuhi hadi usiku.

Hadhari Mbili

Ya kwanza: maneno haya yasigeuzwe fimbo ya kuwapigia wengine. Wako wanene kwa ugonjwa, kwa dawa wanazotumia, kwa uzazi au kwa asili. Na Mwenyezi Mungu amekataza katika Al-Hujurat, aya ya 12, watu kudharauliana. Maradhi si hati ya dhambi. Masihi Aliyeahidiwa a.s. mwenyewe aliandika kwamba alikuwa na maradhi mawili ya kudumu, kizunguzungu na kisukari. Mtume s.a.w. alishindana mbio na Bibi Aisha r.a., akashindwa; baadaye Bibi Aisha alipoongezeka mwili, walishindana tena na Mtume akamshinda, akamwambia kwa mzaha kwamba sasa wamelipana. Hakumsimanga. Alimwalika mbio. Huo ndio mwenendo wa nyumba ya Kiislamu: mume asiyependa unene wa mkewe asimcheke, na atembee naye.

Ya pili: asitoke mtu katika ulafi akaingia katika kujitesa. Abdullah bin Amr r.a. alipofunga kila siku na kusali kila usiku, Mtume s.a.w. alimzuia, akamkumbusha kwamba mwili wake na macho yake na mke wake wana haki juu yake. Masihi Aliyeahidiwa a.s., kabla ya kudai cheo chake, alifunga kwa siri kwa muda wa miezi minane au tisa akila chakula kidogo sana. Lakini alipolieleza jambo hilo baadaye katika maandishi yake, hakuwashauri watu walifanye kwa hiari yao, kwa kuwa yeye aliongozwa na Mungu. Basi msichana anayejinyima chakula hadi kuzimia ili afanane na picha ya gazeti, naye amevuka mpaka, kama yule anayekula hadi kushindwa kuinuka. Kadhalika mgonjwa aliyekatazwa na daktari asifunge kwa ukaidi. Ruhusa ya mgonjwa imetoka kwa Mungu, na kuikataa ruhusa ya Mungu si uchamungu.

Shabaha Yetu

Ndugu msomaji, nia ndiyo inayovitenganisha vitendo vinavyofanana. Watu wawili huacha sukari, na wote wawili hutembea asubuhi. Mmoja anataka kusifiwa na watu. Akisifiwa, amekwisha kulipwa. Mwingine anataka mgongo utakaosujudu bila maumivu akiwa na miaka 70, figo zitakazomwezesha kufunga Ramadhani nyingi, na miguu itakayomfikisha kwa mgonjwa na yatima. Wa pili naye atapata ngozi njema na mwili mwepesi, lakini hayo ni majani ya mti wake. Matunda yake yako kwa Mola wake.

Anza leo kwa jambo moja usilolishindwa: kitoweo kimoja kwa mlo mmoja, au maji badala ya soda, au kuacha theluthi ya tumbo wazi chakula cha usiku, au kwenda msikitini kwa miguu. Litende kwa siku 40, ukisema Bismillahi mwanzoni na Alhamdulillahi mwishoni, kisha uongeze la pili. Kwani Mtume s.a.w. ametufundisha kuwa vitendo vinavyopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni vile vya kudumu, hata vikiwa vidogo.

Ee Mola wetu! Umetupa miili hii kwa amana nasi tutaulizwa juu yake. Utujaalie tule kwa ajili ya kuishi, na tuishi kwa ajili Yako. Uwaponye wagonjwa wetu, uzitie nguvu nafsi zetu dhidi ya tamaa zake, na utujaalie tusimame mbele Yako tukiwa na pambo linalokupendeza, la nje na la ndani. Amin.